Chupa Kumi na Mbili za Maji ya Ziwa

Jumanne, 6 Machi 1979
Siku ya nne ziwani, juu ya bateau, mashua ya docteur. Nateremsha chupa mpaka fundo la kumi la kamba, nang'oa kizibo kwa kamba ya pili, nangoja ijae, napandisha. Halafu tena. Viganja vimechubuka. Docteur Katsuva hachoki — yeye anaandika tu! Anatafuta kipindupindu majini. Kikipatikana, watu wa Mahagi-Port watakatazwa kuchota ukingoni. Dada yangu Honorine anachota hapo hapo, yeye na watoto wake sita.

Ijumaa, 9 Machi
Bunia, hatimaye. Lori tangu alfajiri, chupa kumi na mbili miguuni pangu. Laboratoire ya kupima maji imefungwa mpaka Jumatatu. Docteur akasema nizitunze kwangu, mtaani Mudzipela. Nimeziweka nyuma ya mtungi, penye baridi. Mgongo si wangu tena.

Jumamosi, 10 Machi
Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 12 Machi
Nimepeleka chupa. Docteur akasifu zilivyofungwa. Ajabu — nilikumbuka nimezifunga ovyo. Uchovu, nadhani.

Jumatano, 14 Machi
Majibu yametoka: hakuna kipindupindu! Hata katika chupa moja! Kesho docteur anakwenda Mahagi-Port kutangaza kwamba maji ya ziwa ni mazuri, watu wanywe. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia mama mkwe wangu, Domitille. Hakushangaa.

"Bangepata nini, mukwe? Niliyachemusha yote."

Chupa zangu! Aliziona Jumamosi nikiwa nimelala, akaogopa wajukuu wake wasije wakayanywa maji yake.

"Weye mwenyewe ulitufundisha: maji ya ziwa, kuchemusha kwanza. Nikarudisha kila moja mu chupa yake. Nikafunga muzuri."

Kweli nilimfundisha. Mwaka jana, kwa sauti kubwa, kidole juu. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamkumbuka Honorine na ndoo yake, kicheko kikakauka. Usingizi hauji, nami nimechoka hivi!

Alhamisi, 15 Machi
Nilifika mapema ili nimwambie docteur. Nilikuta yuko garini tayari, motere inanguruma. Nikafungua kinywa. Akanitangulia.

"Panda, Julien! Weye utabaambia mwenyewe. Dada yako iko kule, batakuamini."

Nikapanda. Sijui kwa nini nilipanda.

Tumeshapita Djugu. Gari inaruka, mwandiko unaruka. Docteur anasinzia, tangazo liko mapajani mwake, limepigwa muhuri. Mara mbili ameamka na kuniuliza kama niko sawa. Nimejibu: niko sawa, docteur.

Bado sijasema.