Vidonge Viwili, Mkoba Mmoja

Jumatatu, 2 Septemba
Kidonge cha kifafa saa moja asubuhi, kama siku zote. Baada ya chai, kile kipya cha mawe. Halafu maji, chupa nzima. Halafu cherehani. Kola tano za sare za shule kabla ya saa nne.

Jiwe la pili la figo lilitoka wiki iliyopita. Sitaki kuyakumbuka yale maumivu. Daktari hapa Handeni kasema mawe mawili ndani ya mwaka si jambo la kupuuza. Kanipa vidonge vya kuzuia mengine, na ninywe maji lita tatu kwa siku. Akauliza natumia dawa gani nyingine. Mlango wazi, foleni nyuma yangu, nusu yao wateja wangu. Nikasema hakuna.

Nina miaka thelathini na nane. Kifafa ninacho tangu darasa la tatu. Mwaka wa saba huu sijaanguka. Mtaani kwetu Chanika wamesahau, na mimi sina haja ya kuwakumbusha.

Siku ishirini na sita hadi ndoa. Nina furaha ya kijinga. Nimemshonea mteja kifungo huku nacheka peke yangu.

Ijumaa, 6 Septemba
Gauni langu limekatwa. Kitambaa rangi ya maziwa. Mama kasema mwanamke wa umri wangu avae rangi iliyotulia. Nikamwambia nimetulia miaka thelathini na nane, inatosha.

Kichwa kinauma kidogo. Jua.

Hemedi, mchumba wangu, kapiga simu kutoka Korogwe. Anatengeneza baiskeli pale Manundu na ana sauti ya mtu anayefikiri kabla ya kusema. Yeye nilimwambia habari ya kifafa siku ya pili tu ya kujuana. Akauliza, "Ukianguka, nifanye nini?" Siku hiyo ndiyo nilimpenda.

Mama yake hajui. Hemedi anasema ayasikie kutoka kwangu. Ni haki. Naogopa.

Jumanne, 10 Septemba
Nimeshona mikono yote miwili ya gauni upande wa kushoto. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka, lakini nilichelewa kuelewa tulichokuwa tunacheka.

Miguu mizito. Kichefuchefu. Nimesahau jina la binti aliyeleta sketi jana, na nimemfahamu tangu anazaliwa.

Mama anasema ni wasiwasi wa bibi harusi. Labda. Naongeza maji.

Alhamisi, 12 Septemba
Baba mdogo kaja kutoka Kwedizinga na mbuzi wawili wa harusi. Mmoja kala kona ya kitambaa cha mapazia. Nyumba nzima imejaa kelele nzuri.

Kichwa hakijaacha. Jumamosi naenda Manundu kumsalimia mama mkwe. Nitamwambia. Nimeshaamua.

Jumatatu, 16 Septemba
Naandika nikiwa wodini, Korogwe. 

Nilianguka. Miaka saba, halafu uani kwa mama mkwe, mbele ya wapangaji wake wote.

Nakumbuka nimesema shikamoo. Nakumbuka kaitikia marahaba mwanangu, karibu. Ninakumbuka ungo wa mchele mapajani mwake. Basi. Yaliyofuata kanisimulia Hemedi. Wapangaji walikimbia, mmoja akipiga kelele nisiguswe. Mwingine akaja na kijiko cha kunitia mdomoni. Mama mkwe akampokonya kile kijiko. Akanilaza ubavu, akanikunjia khanga chini ya kichwa, akawaambia wote wakae mbali nipate hewa. Alikuwa mpishi wa shule zamani, kulikuwa na mwanafunzi mwenye hali hiyo. Alifundishwa.

Hospitali wakauliza natumia dawa gani. Mimi sijitambui. Mama mkwe akaumimina mkoba wangu kitandani. Uzi, sindano, futi ya kupimia, na paketi mbili za vidonge.

Nilipozinduka vizuri, jana, alikuwa amekaa pembeni na zile paketi mkononi.

"Hizi za nini?"

"Za kifafa, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka tisa. Nilikuja Jumamosi nikuambie."

"Hemedi alijua?"

"Alijua."

Akazirudisha paketi mkobani, moja moja. Nilikuwa nimeshaanza kuivunja ndoa kichwani mwangu, nimesharudisha mbuzi Kwedizinga.

"Basi nimeudhika na Hemedi, siyo na wewe," akasema. "Ningejua, pale uani ningetoa mawe mapema. Umejichubua shavu, na picha za harusi ziko karibu."

Nililia. Kisha nikacheka, shavu likauma.

Jumanne, 17 Septemba
Daktari wa hapa ni mwanamke, kijana kuliko mimi. Kavuta kiti, kanieleza taratibu. Kidonge cha mawe kinatoa chumvi ya damu kupitia mkojo. Dawa yangu ya kifafa nayo huufanya mwili ushikilie maji. Mimi nikaongeza maji juu ya maji. Chumvi ikashuka sana, ubongo ukavimba kidogo. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma, kusahau, ile mikono ya gauni. Ndiyo sababu ya kuanguka.

Kila dawa peke yake ni nzuri, kasema. Mbili pamoja zilihitaji mtu anayejua kuwa zote zipo.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Nilidanganya kwa neno moja, hakuna, kwa aibu ya foleni. Nilimwambia hivyo. Kasema anasikia neno hilo kila wiki.

Kidonge cha mawe kimeachwa. Cha kifafa naendelea nacho, nisikikatishe hata siku moja. Maji nimepimiwa mpaka chumvi irudi. Wanaipandisha polepole, kwa haraka ni hatari. Mawe yatatafutiwa njia nyingine.

Nina kiu. Nina njaa pia. Njaa ni dalili njema.

Ijumaa, 20 Septemba
Nimeruhusiwa. Damu iko sawa. Mama mkwe kanibebea mkoba hadi getini, kanikabidhi kwa Mama yangu. Wawili hao hawakuwa wamewahi kuonana. Ndani ya dakika kumi wameshagombana kuhusu pilau na kupatana.

Nimeandika dawa zangu kwenye kipande cha karatasi ngumu. Jina, kiasi, saa. Daktari yeyote nitakayemwona atakisoma kabla hajaniuliza.

Jumamosi, 28 Septemba
Nimeolewa. Gauni limekaa. Shavu lilipakwa poda, mchubuko ukaonekana vilevile, sikujali. Baba mdogo kacheza mpaka kiatu kimoja kimepotea. Mama mkwe kamwambia kila aliyenong'ona, kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Ndiyo, ana kifafa, na ana dawa. Kula wali."

Hemedi hakuniachia mkono.  Nimeshiba furaha.

Jumanne, 1 Oktoba
Asubuhi ya kwanza na cherehani yangu Manundu, nyumbani kwa mama mkwe. Manyunyu. Hemedi kaenda kazini.

Mpangaji wa chumba cha mwisho kaja na binti yake. Mama huyo ndiye yule aliyepiga kelele nisiguswe. Anataka gauni la mtoto. Miaka kumi na mmoja hivi, anatazama chini. Sijawahi kumwona uani. Nikapima mabega, kiuno. Nilipopandisha mkono wa blauzi nikaona kovu kubwa la moto, kutoka kiwiko hadi kiganja. Zamani. Jingine juu yake, jipya.

Nikaendelea kupima. Nikauliza kwa upole aliungulia wapi. Mama yake akasema jikoni. Kisha akaongeza, "Huwa anaanguka."

Nikamwambia binti mimi nilianza dawa nikiwa mdogo kuliko yeye. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

Alhamisi ni siku ya kliniki ya kifafa. Tutaenda watatu. Nimewaambia waje saa mbili.