Kabureta Yangu Iko Bonga

Jumanne, mwezi wa sita. Baridi. Ukungu umeukalia mlima Kwaraa tangu alfajiri kama mgeni aliyekuja kusalimia akasikia harufu ya nyama. Manyunyu yanashuka, yanaacha, yanashuka tena. Mvua hii haimfai mtu yeyote. Ni ya kuozesha maharage tu.

Na maharage yangu yako juu kule Mutuka. Nimeshayang'oa, yamelala shambani yananingoja.

Siwezi kuyafuata.

Niseme kwa nini, maana najua wengine mnaingia kwenye ukurasa huu kwa bahati mbaya mkitafuta bei ya pikipiki mpya. Mmepotea. Hapa ni kwa mzee wa Bagara, darasa la nne la zamani, anayeandika kwa kidole gumba habari za pikipiki kuukuu. Ni zile ndefu, za tairi za meno, madigadi ya mbele imeinuliwa juu kama pua ya mtu mwenye majivuno. Mabwana shamba wa mradi walizipanda zamani kwenda vijijini. Mradi ulipokufa zikapigwa mnada. Mimi nikachukua moja, rafiki yangu Baba Emanueli wa Bonga akachukua nyingine. Tangu siku hiyo hatujapata akili.

Njia ya shambani kwangu ni mawe na korongo. Vijana wa bodaboda wakiiona tu wanakumbuka wana msiba. Kubeba mgongoni siwezi, goti la kulia nimelimalizia kwenye kiki ya kuwashia. Lakini pikipiki yangu inapanda. Unasimama wima juu yake, magoti yamelegea, unaiacha itafute njia yenyewe kama punda anayekwenda kwao, na gunia nyuma. Ukifika juu umetetemeka mpaka meno, ila umefika, na kwa muda mfupi huna umri.

Sasa imesimama chini ya mabati, kuku analala kwenye kiti.

Haina kabureta.

Kabureta ni yangu, msinielewe vibaya. Ya Baba Emanueli ilipasuka zamani sana. Mpya za dukani tumezijaribu. Pikipiki inakohoa kwenye tambarare na kufa kwenye mlima, kama sisi wenyewe. Basi tukafanya walivyofanya wazee wetu na ng'ombe. Ng'ombe wako unampeleka kwa rafiki, analala zizini kwake, maziwa anakunywa yeye, ila kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani. Kabureta yetu ikawa hivyo. Jumapili hii inakwenda kwake, Jumapili inayofuata inarudi kwangu. Tulikuwa tunapeana nje ya kanisa baada ya misa, ndani ya soksi. Mwenye zamu anatoa kiganja, mwenzake anakijaza, basi. Paroko aliwahi kuuliza kama hiyo soksi ni sadaka.

"Hii, Baba, inafanya kazi kuliko sadaka," Baba Emanueli akamjibu.

Kiharusi kilimkuta kwenye wiki yake.

Upande wa kulia umekufa. Maneno yote yamekwenda, limebaki moja: "Mjinga." Chai ikija, mjinga. Akitaka kugeuzwa, mjinga. Paroko alipompelekea komunyo akaambiwa mjinga, naye Paroko akaitika amina. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huko nje sikuwa nacheka tena.

Na desturi ile ya ng'ombe ina upande wake mchungu. Ng'ombe uliyemweka kwa mtu humfuati wakati mwenye boma yuko kitandani. Ukimfuata, umesema kwa miguu yako kwamba huyu hasimami tena. Wazee walikuwa radhi ng'ombe afie huko kuliko kwenda na kamba kwenye nyumba ya mgonjwa. Nimeikalia desturi hiyo msimu mzima, pikipiki yangu ikiota kutu.

Lakini mke wangu hana muda na desturi inayozuia chakula. "Baba Paulina," aliniambia jana, "hiyo si ng'ombe, ni chuma. Nenda kalete."

Leo asubuhi nikaenda. Nilipanda bodaboda mpaka Bonga nikijiambia naenda kumjulia hali tu. Spana ilikuwa mfukoni mwa koti, inanigonga pajani njia nzima, inanisuta.

Nilimkuta ameanikwa uani kwenye kiti cha plastiki, blanketi hadi kidevuni, na jua lenyewe hakuna. Pikipiki yake imeegemea ukuta mbele yake. Mkewe anasema asipowekwa pale anaikataa chai.

"Mjinga," akasema aliponiona.

"Marahaba," nikaitika.

Jicho lake moja likacheka. Nikakaa, nikamdanganya. Nikamwambia maharage yangu yako ghalani, goti limepona, na Wambulu wenzake wote wanamsalimia isipokuwa wale wenye akili. Akaniita mjinga tena, kwa upole.

Mama Emanueli akaleta chai. Akaliangalia koti langu. Mwanamke aliyeishi na pikipiki ile maisha yote hashindwi kuitambua spana iliyofichwa mfukoni.

"Shemeji, umefuata kitu chako."

"Nimekuja kumwona mzee."

"Chukua. Maharage hayajui kiharusi." Alisema hivyo ameshanipa mgongo, anarudi jikoni.

Nikapiga goti. Nikafunga koki ya petroli, nikalegeza klempu, nikafungua bolti, kabureta ikaja mkononi. Mikono inaijua kazi hiyo hata ningekuwa kipofu. Sikugeuka. Nilikuwa nasubiri lile neno lake moja. Nililitamani. Angenitukana ningecheka, ningeitia kwenye soksi na kuondoka zangu.

Hakusema kitu.

Kimya kile ndicho kilichonigeuza. Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, ulikuwa umetoka kwenye blanketi. Kiganja wazi, kimenyooshwa kwangu. Kama nje ya kanisa, Jumapili yenye zamu yake.

Nikampa. Ningefanyaje? Kiganja kile kikiletwa namna ile, mimi nimezoea kukijaza.

Akaishusha mapajani, akaifunika kwa vidole, akafumba macho. Petroli iliyobaki ndani ikalilowesha blanketi. Nikajaribu kuichomoa polepole, vidole vikakaza. Ana nguvu bado, shetani yule.

"Subiri asinzie," Mama Emanueli akaninong'oneza. "Akisinzia ataachia."

Ni kweli angeachia. Basi nikakaa kwenye kigoda, mtu mzima na mvi zangu, nikisubiri rafiki asinzie nimwibie kitu ambacho ni changu. Kichwa chake kikaanza kushuka. Kabla hakijafika kifuani nikasimama, nikaaga.

Sasa pikipiki ni mbili, na hakuna yenye kabureta.

Asubuhi hii pikipiki yake ilikuwa nzima. Hata kama mwenyewe hawezi kuipanda tena, ilikuwa inaweza kuwaka, na nadhani ndiyo maana alikuwa anaitazama. Mimi nimekuja na spana nikamwonyesha kwamba haitawaka. Nimevunja mwiko kwa mikono yangu miwili, kisha nimerudi mikono mitupu. Hata wezi wa kuku wa Bagara wana mpango kuliko mimi.

Mke wangu ameuliza iko wapi. Nimemwambia iko kwa mwenyewe.

Hakunisema. Ningefurahi angenisema. Amechukua gunia na kamba, ameviweka karibu na mlango, akasema akiamka anapanda Mutuka kwa miguu, ataleta atakachoweza kubeba. Na yeye mgongo wake si wa kubeba hata ndoo. Nimemwambia tutapanda wote, akalitazama goti langu, akaendelea kuchambua mboga.

Maharage mengi yataozea kule, hilo nimelikubali. Ninachoshindwa kukubali ni Jumapili. Nitatoka misani, nitasimama nje pale pale, na zamu itakuwa yangu. Nani atakifungua kile kiganja aniletee?

Jibu ninalo, na si usingizi wa mchana. Sitaliandika.