Nilimwambia Mwenyewe Aiondoe

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi hapa Nakuru, na chai imepoa mbele yangu. Nimefanya ujinga na sijui nitaanzia wapi kuurekebisha.

Dada yangu mkubwa, Chela, ni mwalimu kule Molo. Macho yake yanaisha polepole, kwa hivyo nilimtengenezea extension, kile kijiprogramu kinachokaa ndani ya browser. Inamkuzia herufi, inamsomea, na akiongea inamwandikia. Ndiyo ameandikia mradi wake wote wa digrii. Nilijisifu sana kwamba kila neno linakaa kwa laptop yake tu, haliendi mtandaoni kumlia bundles za data.

Onyo lilikuja kitambo. Wenye browser walisema wanabadilisha mfumo wa extensions, za zamani zitazimwa, kila mtu aandike yake upya. Nikasema bado kuna wakati. Chela nikamwambia akatae update yoyote, na akakatalia mbali, si unajua vile sisi hubana bundles. Tukadhani tumewaweza.

Leo saa nne fundi wa kompyuta wa shule alipitia laptop za walimu akizi-update zote. Chela akanipigia: extension imezimwa, kuna kitufe cha kuiondoa, afanyeje? Nilikuwa na haraka zangu.

"Iondoe tu, nitakuwekea mpya," nikamwambia.

Akaiondoa.

Na ni mimi niliyeiandika! Najua kabisa kwamba ukiiondoa, kila kitu ilichohifadhi kinaenda nayo. Nilikumbuka simu ikiwa imeshakatwa. Miezi minane ya kazi yake, ameiongea neno kwa neno jioni baada ya kusahihisha vitabu vya watoto. Anatakiwa kuiwasilisha Ijumaa.

Nimetafuta mtandaoni hadi kichwa kinauma. Hairudi. Nimewatukana wenye browser, nimemtukana yule fundi, lakini si wao waliomwambia abonyeze. Naona aibu.

Saa nane Chela ametuma ujumbe wa sauti. Anasema nisijisumbue kukimbizana na hiyo mpya, leo atapumzisha macho, "maana kazi yangu iko mikononi mwako, najua iko salama."

Nimeusikiliza mara nne.

Hili siwezi kumwambia kwa simu. Kesho asubuhi napanda Molo. Nikisimama karibu bado anaiona sura yangu, na nataka aione nikimwambia.