Fundi Miwani Aliyenifukuza Dukani

Mdogo wangu Naelijwa,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua umeninunia na shikamoo yako haiji. U mzima? Mbuzi wazima? Na ile tangawizi ya shamba la juu umeshaichimba, au unasubiri ioze? Mimi bado nipo Same mjini kwa binti yangu Eliaichi. Joto la huku halina adabu. Nakula, nalala. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa. Darasa la nne langu linatosha.

Ulisikia nilishuka kutafuta miwani. Ni kweli. Nilikwenda kwenye duka la miwani karibu na stendi, kwa yule fundi mtu mzima mwenye kofia ya kiua. Nikamwambia nataka kali zaidi, hii imechoka. Ilikuwa mara ya tatu.

Akasema, "Mama, safari hii hapana. Mbili nimekutengenezea, na mara zote mbili nilikwambia ukapimwe hospitali kwanza."

"Kwani wewe hupimi?"

"Mimi ni fundi. Naletewa karatasi ya mpimaji, nakata kioo, natia kwenye fremu, naweka sawa ikae sikioni. Ndani ya jicho siingii."

Nikamwita mvivu. Nikamwambia wenzake gulioni wanauza bila maneno. Akafunga kabati lake kwa ufunguo. "Basi wakuuzie wao, mama. Mimi nimekataa."

Naelijwa, sijawahi kufukuzwa dukani tangu nizaliwe. Nilikwenda kupimwa kwa hasira tu, nipate hiyo karatasi nije nimtupie.

Hospitali nikakuta binti mwembamba. Kazi yake ni kupima macho, inaitwa optometria, ameisomea miaka. Akaniambia nisome herufi za ukutani. Nikasoma, karibu zote. Nikamwambia, "Umeona? Macho ninayo." Akanipima kwa mashine, nimeweka kidevu pale kama mbuzi wa mnadani, akachungulia weee. Kisha akaniziba jicho la kulia, akasema nitazame pua yake tu, nimtajie amenyoosha vidole vingapi pembeni.

"Vidole gani?"

"Hivi hapa, bibi."

"Usinichezee. Hujanyoosha kitu."

Alikuwa amenyoosha mkono mzima. Eliaichi alikuwepo, ameona.

Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi. Inaanza kula pembeni, katikati inakuachia, ndiyo maana unajiona mzima. Usiniambie habari za mtoto wa jicho. Hilo hutolewa ukaona tena. Hii ikishachukua, imechukua. Binti akanipeleka kwa daktari wa macho, maana kupasua na kutibu makubwa si kazi yake. Daktari akanipa dawa ya matone, kila siku mpaka nife, ili kilichobaki kibaki. Sasa nimeelewa. Fundi viatu hashoni kidonda cha mguu. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nikimpelekea kidonda, nikimtukana kwa kutonipa kiatu.

Sikulia. Nilirudi nikachambua mchele wa Eliaichi, nikaumaliza wote, hata wa kesho. Tangu siku hiyo nipo hivyo hivyo. Mtu akiniuliza habari, nasema nzuri.

Siku tuliyomzika mumeo ulisimama kushoto kwangu ukaninyooshea mkono, nikapita. Umetangaza huko kijijini, Myamba nzima, kuwa nilikunyima mkono mbele ya jeneza. Sikukunyima. Sikuuona. Sina maneno mengine juu ya hilo.

Sasa nisikilize, na acha kununa kidogo. Yule binti aliniuliza kama kwetu kuna mtu alipofuka. Nikamtaja mama. Sisi tulisema ni uzee. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na ndugu wa tumbo moja wapimwe wote. Nimebaki na ndugu mmoja, na ndiye wewe. Nimesikia umegonga mwimo wa mlango mara mbili ukasema kizunguzungu. Nimesikia umenunua miwani gulioni na unajisifu unasoma Biblia vizuri. Hata mimi nilikuwa nasoma.

Nisalimie mkweo anayekupikia, na mjane wa kaka yetu, na mama mchungaji; mwambie nafasi yangu kwenye kwaya asimpe mtu. Na jirani aliyeazima jembe langu, mwambie silisahau jembe.

Jina lako nimempa yule binti, ameliandika kwenye daftari lake, utapimwa Jumanne asubuhi. Panda gari la Jumatatu. Usipoonekana, Jumatano nitapanda mwenyewe kukufuata. Kutoka gari linapoishia hadi kwako unaijua ile njia ya ukingoni, na mimi upande wa korongo sioni kitu. Chagua.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Nakunda