Tulifika wa Kwanza, Tukaanguka

Jumamosi, Agosti 1996. Kanyakine. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na soksi zangu hazijakauka.

Nimeudhika. Nimeudhika na baridi, na mwalimu msimamizi, na hii tuzo ya vijana yenyewe. Zaidi ya yote nimeudhika na Kawira, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mwaka mzima nimeitafuta medali ya fedha ya tuzo hiyo. Kila Jumatano baada ya masomo nilikuwa zahanati, nikipiga deki na kupima watoto uzito. Nimejifunza kufuma sweta. Ilibaki safari tu: siku tatu kwa miguu, wasichana wanne, ramani na dira, kupitia msituni hadi Kiirua. Nikachaguliwa kiongozi.

Jana, siku ya mwisho, Kawira aliniambia asubuhi kwamba buti alizoazima kwa kaka yake zimemchubua kisigino. Nikamwambia ajikaze. Kundi la wavulana lilikuwa mbele yetu kidogo na nilitaka tulipite. Kufikia saa sita alikuwa anachechemea nyuma kabisa. Nikamwambia akae kando ya njia apumzike, halafu atufuate polepole. Makena alitaka kubaki naye. Nikakataa.

Wavulana tuliwapita. Tulifika Kiirua wa kwanza, tukicheka, matope hadi magotini.

Mwalimu msimamizi hakucheka. "Mko wangapi?"

"Wanne, mwalimu."

"Mimi naona watatu."

Nilijieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake, akasema kwake hakuna kundi lililofika. Tutarudia Desemba. Sote.

Tukarudi naye kumtafuta. Kawira alikuwa palepale nilipomwacha, karibu saa tatu zimepita, amejikunyata na mkoba wake kifuani. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kinyesi cha ndovu, kibichi. Hakuwa analia. Alikuwa anatetemeka tu.

Nilimbebea mkoba. Sikumwomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nafikiria cheti changu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Leo nimeenda kwao. Mama yake amenipa chai na kunishukuru kwa kumtunza binti yake msituni. Kumbe Kawira hakumwambia kitu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nikamwambia nilimkosea.

"Desemba nitakuja," akasema. "Lakini wewe hutatuongoza."

Imeniuma. Hata sasa nusu yangu inataka kubishana: nani mwingine kati yetu anajua kusoma ramani?

Makena anajua. Siku zote nimejua kwamba anajua.

Jumatatu nitampelekea dira. Na Desemba nitatembea wa mwisho, nyuma ya Kawira, hata akitaka kusimama kila baada ya hatua kumi.