Kidole cha Kujaribia Yoyo

Nyumba za Wafanyakazi,
Ngorongoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii isome mwenyewe, polepole, kama mlivyofundishwa kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Hata ukikwama usimpe Veronika akusomee. Mgongo unaendeleaje baada ya palizi? Na yule ndama aliyekuwa anaharisha, alipona? Huku ni ukungu tangu asubuhi, nguo hazikauki, na nyati wanakuja kula majani chini ya kamba ya kuanikia. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la mbele na vidole vya mkono wa kulia. Nitakueleza.

Kwanza neno lenyewe, nisije nikaona haya nikalizunguka. Bwana Mhasibu, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, amekuandikia kumwomba Veronika. Amesema atamlea na kumsomesha. Mama, usimtoe mdogo wangu.

Unajua nilivyo. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa natazama viatu vyake. Nilipomaliza darasa la saba ukanileta huku kwa kuwa uliambiwa ni watu wa kanisa. Kanisani wanakwenda kweli. Lakini tangu mpaka wa Kenya ufungwe wageni wamekuwa wachache, hoteli imenyamaza, na wanaume hawana la kufanya. Basi wameshikwa na yoyo. Usicheke, Mama. Ni yoyo hizi hizi za watoto, na wao ni watu wazima wenye ndevu. Mhasibu anazo kabati zima, nyingine zimeachwa na watalii, nyingine ameletewa na madereva kutoka Arusha. Vikombe vya mkewe vimehamia chini ya kitanda. Mkewe anazichukia yoyo hizo kuliko nzige, lakini yeye hawezi kumpiga mumewe, kwa hiyo ananipiga mimi, nikizifuta vumbi na nisipozifuta.

Jumapili baada ya ibada wanakuja wenzake wawili, Dereva wa hoteli na Fundi wa karakana. Kila mmoja ana anachokipenda na hasikii la mwenzake.

"Yoyo bila rangi ni gari bila honi," Dereva husema. Zake ni za plastiki nyekundu, pana, zinapitisha mwanga kama peremende iliyolambwa.

"Wewe nunua peremende basi," Fundi humjibu. "Yoyo ni uzito. Ikishuka uisikie begani." Yeye huzitengeneza mwenyewe kwa shaba, kwenye mashine ya kukerezea.

Mhasibu anawadharau wote wawili. Anapenda za mti, kuukuu, ambazo rangi imelika pale dole gumba la mwenyewe lilipozoea kushika. Huinusa kwanza, kisha huifungia. "Iliyoingia kabatini haichezwi tena," husema.

Lakini kabla ya kuingia ni lazima ijaribiwe, waone kama inalala, yaani ikifika mwisho wa kamba iendelee kuzunguka pale chini bila kupanda. Na hakuna anayetaka kamba mpya imkate kidole. Jumapili ya kwanza Dereva alisema, "Mpe huyu bubu. Huyu halalamiki." Tangu hapo mimi ndiye kidole chao. Nasimama katikati ya sebule, wananitia kitanzi, narusha, na wao wanabishana kama kamba ipakwe nta au isipakwe, kana kwamba mimi ni msumari wa ukutani. Kidole kikivimba wanahamia kinachofuata. Siku nilipolia, Mhasibu alisema, "Geuza uso, utalowesha kamba."

Jino lilitolewa na yoyo ya Fundi. Ilikuwa nzito, ikapanda kwa kasi nisiweze kuidaka, ikanipiga mdomoni. Fundi aliiokota yoyo kwanza. Akaipangusa damu, akaitazama kama imebonyea.

"Kijiti cha katikati ni chembamba mno," akasema.

"Kijiti gani? Ni mdomo," akasema Dereva. "Nani alimwambia auache wazi?"

Walibishana hivyo mpaka chai ikawa tayari. Chai hiyo niliipika mimi.

Siku chache baadaye mama mwenye nyumba alipekua mfuko wangu, akaikuta ile yoyo aliyonichongea Veronika. Akamtupia mumewe. "Kumbe tunafuga mwizi!" Mhasibu akaidaka, akainusa, akaitia mfukoni. Siku ya Jumapili akawaonyesha wenzake. Yeye mwenyewe, asiyecheza, akaivaa kidoleni na kuirusha. Ikalala, Mama. Ililala mpaka Dereva akaacha kutafuna.

"Kachonga nani?" Mhasibu akaniuliza, akangoja.

Katika nyumba ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo na kungoja jibu. Nikasema mengi kuliko yote niliyosema tangu nije. Kwamba ni mdogo wangu, yuko darasa la nne, anatumia mzeituni wa porini, tundu analichoma kwa msumari wa moto, na mwisho anaisugua kwa samli.

"Darasa la nne," Mhasibu akasema. "Vidole bado laini."

"Mlete," akasema Fundi. "Yule achonge, huyu ajaribu."

"Na shule?" Dereva akauliza.

"Shule ipi?" akasema Mhasibu. "Akiharibu moja analala njaa. Hiyo ndiyo shule."

Walicheka wote. Hapo nikamtazama Mhasibu machoni, nikasema nimedanganya, mimi ndiye niliyeichonga. Akanipa kisu na kipande cha mti, nikae sakafuni nichonge mbele yao. Pande mbili zilikataa kulingana. Yoyo yangu ilishuka ikiyumba kama mbwa aliyevunjika mguu, na Dereva alicheka mpaka akashika ukuta. Mhasibu hakucheka. Alinichapa viganja kwa kamba yenye yoyo ya shaba mwishoni, kisha akavuta kiti mezani na kukuandikia ile barua nzuri.

Jumamosi atakuja na gari la hoteli. Mimi siwezi kutoroka sasa. Nikionekana nimeondoka, atafika kwenu kabla ya huyu mama muuza vitunguu aliyebeba barua yangu. Ijumaa alfajiri mpeleke Veronika kwa bibi, kule kijijini Daa. Piteni njia ya juu mashambani, msipite barabarani. Sababu usimwambie. Akisikia kuna mtu mkubwa ameipenda kazi yake, atamfuata mwenyewe akiruka.

Msalimie baba mdogo, mwambie maziwa ya ng'ombe wake nayakumbuka. Msalimie shangazi anayeimba kwaya, na yule mama jirani aliyenisuka siku ninaondoka. Bibi utamsalimia mwenyewe utakapomfikishia mtoto.

Mhasibu akishuka atavua kofia, atakuamkia, atakuita mama yangu. Ataleta sukari na sabuni. Najua duka la ushirika liko tupu na ni muda gani hamjaonja chai ya sukari. Ipokee, Mama. Pokea na sabuni. Mwambie mtoto yuko machungani, angoje, umpe kigoda akae juani mpaka achoke. Akirudi mikono mitupu najua atamwuliza nani. Usimrudishie sukari kwa kunionea huruma mimi. Mkorogee Veronika uji mtamu, anywe mpaka ashibe.

Ni mimi binti yako wa kwanza, nikupendaye,

Martina