Sinema ya Dada Ambayo Hakimu Hakuimaliza

Mji wa Kale, Mombasa
Jumanne, tarehe 22 Julai

Kwa Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo Baba. Leo nimeapa kukueleza yote, mazuri na yanayoniuma, na sitaruka neno hata kama litakukasirisha. Lakini kwanza nipe habari za afya yako. Kile kifua kinachokubana ukipuliza makaa ya pasi kimepoa? Na goti la Mama je? Maji ya mto yameshuka, au watu wa ng'ambo bado wanavushwa kuja sokoni? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu huwa unaipokelea dukani, na wateja wanaongoja nguo zao husikia kila kitu. Nakuomba uisome mwenyewe barua hii, usimpe mtu akusomee.

Najua kwamba Jumamosi ulimpigia Dada Saumu. Nilikuwa karibu yake. Sikusikia ulichosema, ila nilimwona amesimama wima kama tunavyosimama sisi mbele ya mwalimu mkuu, anajibu "Ndiyo Baba, ndiyo Baba," mpaka simu ikakatika. Baadaye ndipo aliponiambia: umesema amekuvua nguo mbele za watu, na asikanyage tena Hola. Baba, maneno hayo ya kuvuliwa nguo nilikuwa nimeyasikia kabla hujayasema. Niliyasikia redioni, vilevile yalivyo. Hayakuwa yako. Yana mwenyewe, na ndiye nitakayeanza naye.

Hapa Mombasa yuko mtangazaji ambaye watu humwita Hakimu. Kila Alhamisi baada ya Magharibi huzungumzia sinema mpya, na mwisho hutoa hukumu. Hukumu zake ni mbili tu. Akisema "Nenda," ukumbi hujaa. Akisema "Kaa," hata ukigawa tiketi bure hakuna wa kuzipokea. Asiyemsikia redioni hurushiwa sauti yake kwenye simu, na kesho yake utaikuta kila mahali, kwa wauza viazi karai wa ufukweni Mama Ngina, ndani ya tuktuk za Tudor, langoni mwa shule yetu. Sitakuficha kwamba hata mimi na Dada tulikuwa tukimsikiliza, tukicheka anavyowasema wengine.

Unajua Dada hupiga picha za harusi, lakini sidhani umewahi kuelezwa kazi yenyewe ilivyo. Katika harusi, siku ya wanawake, mwanamume haruhusiwi kuingia ukumbini. Wanawake huvua mabuibui yao, wakajipamba na kucheza. Kwa hiyo mpiga picha sharti awe mwanamke, tena mwanamke anayeaminiwa, kwa sababu picha zile hazitakiwi kuonwa na mtu wa nje. Akija mgeni hapewi kazi hiyo hivi hivi. Dada aliipata polepole, nyumba hii ikimpeleka kwa nyumba ile, mpaka wazee wa kike wa Mji wa Kale wakawa wanamtaja kwa jina. Ndiyo kazi inayonisomesha mimi. Na siku ambazo hakuna harusi alikuwa akitengeneza sinema yake, ya dobi wa mji mdogo na binti yake.

Jumatano iliyopita tuliwaonyesha sinema hiyo watu wachache walioalikwa, katika ukumbi mdogo wa ghorofani, kabla ya siku tatu za watu wote. Hakimu aliahidi kuja. Bi Rukia, huyu mwenye nyumba tunamoishi, alikaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi kana kwamba ni Idi. Akasema, "Mtu wa maneno akishiba, maneno yake huwa laini." Tukacheka. Hakimu tulimwekea kiti cha peke yake chini ya feni, na mimi nikawekwa mlangoni.

Sehemu ya kwanza ni ngumu, Baba, nakubali. Yule dobi anamgombeza binti yake mbele ya wateja, anamwaga vitabu vyake barazani. Hapo ndipo binti anapofunga mzigo wake na kuondoka. Ilipofika hapo, simu ya Hakimu ikawaka. Aliinuka, akafunga hamri moja kwenye karatasi, akaja mlangoni kwangu.

Nikamwambia, "Mjomba, bado kuna sehemu ya pili."

"Nishaona, mwanangu."

"Ndiyo kwanza binti ameondoka."

Akanigusa begani, akatabasamu. "Miaka yote hii niliyokaa na sinema, mimi mwanzo ukinionyesha, mwisho nakuhadithia." Akateremka ngazi akizungumza na simu.

Niliogopa kumwambia Dada. Nilijipa moyo kwamba mtu mzima, tena mwenye jina, hawezi kuhukumu kitu alichokiacha nusu. Mwalimu wetu wa fasihi hutunyima alama zote akigundua kwamba tumehakiki hadithi ambayo hatukuimaliza. Nikafikiri sheria hiyo ni ya kila mtu.

Alhamisi tulikaa sebuleni kwa Bi Rukia, redio iko katikati yetu. Hakimu alianza kwa kusifu picha zilivyopigwa, na Dada akanishika mkono. Halafu akasema, "Lakini jamani, mwanzo mpaka mwisho baba ni wa kugomba tu. Baba wa Pwani si hivyo. Huyu binti amemvua nguo mzazi wake mbele za watu, akatuita na sisi tukatazame. Hukumu yangu: Kaa."

Mwanzo mpaka mwisho! Nilipiga kelele kwamba aliondoka, nikawaeleza yote ya mlangoni. Nilitaka tupige simu pale pale redioni. Dada akakataa. "Tukisema aliondoka, watasema tunalia kwa kuwa tumeshindwa." Kwa siri nilituma ujumbe kwenye kipindi, nikauandika kwa adabu, na jina langu kamili nikaliweka. Haukusomwa.

Bi Rukia akaweka kikombe chake chini. Alikuwa ameahidi kuja Ijumaa na wanawake wa mtaa mzima. Akasema, "Saumu mwanangu, miye sikutakii baya. Lakini nikiwachukua wake za watu nikawapeleka kwenye jambo lililosemwa hivi, kesho nitawatazamaje?"

Dada akamwambia, "Bi Rukia, si ungekuja wewe peke yako ukaona?"

"Nikaone nini, mwanangu, na yameshasemwa?"

Anatupenda, Baba. Siku niliyokuwa na homa alinilaza kitandani kwake. Ndiyo maana neno lake lilituuma kuliko la redioni.

Kesho yake asubuhi likaja ambalo hatukulifikiria. Mama mmoja ambaye harusi ya bintiye ni mwezi ujao alipiga simu kusema amepata mpiga picha mwingine. Kisha wa pili, kisha wa tatu, wote kwa sauti ya upole na dua nyingi. Wa tatu ndiye aliyesema waziwazi: "Aliyemwanika babake, atashindwa kuwaanika mabinti zetu?" Hakuna hata mmoja wao aliyeiona sinema. Dada hajawahi kutoa picha ya mtu nje, Baba. Hata mimi ninayelala naye chumba kimoja hanionyeshi. Kazi ya miaka yote hiyo ilianguka asubuhi moja, kwa neno la mtu aliyeondoka na hamri mkononi.

Mchana nilikwenda sokoni Marikiti kununua ndimu. Muuzaji wetu wa kila siku, kijana mcheshi sana, aliponiona akamgonga mwenzake kiwiko. "Huyu ndiye nduguye yule wa sinema. Ee binti, na mimi mtanitia sinemani? Niambie mapema ninyoe ndevu."

Nikamwuliza, "Wewe umeiona?"

"Ya nini? Hakimu kasema kaa, nami nimekaa." Wakacheka wote wawili. Akanipimia ndimu, akaniongezea moja kama kawaida yake. Ile ya kuongezwa niliirudisha.

Ijumaa walikuja watu wa kujaza mabenchi mawili. Jumamosi walipungua. Jumapili Dada alitaka tufunge, ila wakaja mzee mmoja mstaafu na mkewe, na kwa heshima yao tukawasha mashine. Baada yao wakaingia wengine kidogo. Nataka ujue habari za hawa wawili. Walikaa mpaka taa zikawashwa, kisha wakaanza kuteta, na ukumbi wote ukiwasikia.

Mzee akasema, "Yule baba hana kosa! Mtoto aliondoka bila kuaga."

"Angeaga nani, na vitabu viko barazani?"

"Lakini uliona alivyofanya baadaye."

"Niliona. Na kwa nini hakumwambia mtoto? Mkaidi kama wewe."

"Mimi mkaidi?"

"Juzi ulinuna kwa ajili ya chumvi!"

Waliteremka ngazi bado wakibishana, na pale chini yule mama akajipangusa macho, akampigia mwanawe simu. Baba, hawakukubaliana hata kidogo, wala hawakuisifu sinema. Lakini walibishana juu ya kitu walichokiona wenyewe. Watu kama hao wangejaa ukumbi ule, angesema Hakimu neno moja tofauti, au angenyamaza tu. Nimelifikiria sana jambo hili. Sisemi asiseme ubaya wa sinema. Aseme, ndiyo kazi yake. Ila watu mji mzima wamemkabidhi macho yao, naye hata hakuyatumia.

Sasa nimefika kwenye neno gumu, ambalo nimelifuta na kuliandika tena. Na wewe Baba, naomba radhi, umefanya kama wao. Najua ile sauti ililetwa dukani kwako kwenye simu ya mteja, na kwamba walikuwapo watu, na kwamba uliona haya. Mama alinieleza. Lakini umemfungia Dada mlango kwa ajili ya kitu ambacho hukukiona.

Niliapa kueleza yote, kwa hiyo nitakwambia kilichomo katika sehemu ya pili. Kumbuka Dada alipoondoka nyumbani. Siku za Ijumaa ukitoka msikitini, kabla ya kufungua duka, ulikuwa ukiitoa sare yake ya shule sandukuni. Hakuna aliyeivaa tena. Ulikuwa ukiinyunyizia maji kwa vidole, ukiipiga pasi kola, mikono, marinda moja moja, ukiikunja, ukiirudisha. Wewe ulidhani niko madrasa. Nilikuwa dirishani. Sikumwambia mtu mpaka nilipokuja huku kuanza kidato cha kwanza, nikamwambia Dada. Hakuniamini. Akaniuliza mara nyingi, marinda moja moja? Alipoamini, sehemu ya pili aliyokuwa ameiandika akaitupa, akaandika hii. Haina neno hata moja. Ni yule dobi, pasi ya makaa na ile sare. Nimeitazama kila siku tuliyoionyesha, na kila siku watu walikuwa hawakohoi.

Huyo ndiye baba ambaye Hakimu alisema ni wa kugomba tu.

Tangu ulipopiga simu, Dada hajapiga picha hata moja. Kamera ameifunga kwenye kanga. Jana alikwenda kwa wakala wa kazi za nyumbani za Uarabuni, na ameambiwa awe tayari mwezi ujao. Amesema sinema ataifuta, kwani haina mwenyewe. Nimemwomba asiifute mpaka nipate jibu lako. Amenitazama tu, akasema, "Hadija, Baba ameshasema." Hata hivyo amenipa nakala moja kwenye flashi, na jambo hilo ndilo linalonipa matumaini. Mtu aliyekata tamaa kabisa asingenipa.

Tunafunga shule Ijumaa ya wiki ijayo. Naweza kuja nayo Hola. Mjomba Bakari ana televisheni inayopokea flashi, na najua atatupa sebule alasiri moja bila kuuliza sababu. Tutafunga mlango, wewe na Mama na mimi. Sitakuhadithia kitu wala sitakutazama usoni. Ukiiona na bado ukasema amekuvunjia heshima, nitarudi Mombasa nimwambie hivyo kwa mdomo wangu, naye atasafiri akijua kwamba angalau wewe uliiona. Hilo ataweza kulibeba. Hili la sasa hawezi, Baba. Usiku hapati usingizi.

Nisalimie Mama, umwambie yale mafuta ya goti nimeyapata na nitakuja nayo. Nisalimie Bibi anayenikumbuka katika dua zake, Mjomba Bakari na mkewe, Shangazi Fatuma wa samli, na mdogo wangu wa darasa la nne, ambaye naomba asome. Dada hajui kwamba ninaandika. Angejua, angekuamkia.

Barua hii nampa dereva wa basi la Hola, na anarudi Mombasa Alhamisi. Ni mimi mwanao Hadija, ninayeomba umpe dereva huyo jibu la swali hili moja tu: nikija nayo, Baba, utakaa uitazame mpaka mwisho?